Ganda la risasi la chuma: kwa nini halijazwi mara ya pili



Juzi mdogo wetu mmoja, bado iko ku auditoire, alikuja kunitembelea akanionyesha video mu simu yake. Mzungu mmoja wa Marekani ameketi nyumbani kwake mbele ya meza. Anatwaa maganda ya masasi yaliyokwisha kupigwa, anayasafisha, anayanyoosha mu mashine ndogo ya mkono, anaweka baruti mpya na kichwa kipya, na Jumamosi anaenda nayo ku kiwanja cha kulenga shabaha. Kule ni jambo la kawaida, watu wanafanyaka vile ili kupunguza gharama, sawa vile sisi tunapeleka viatu kwa fundi kuliko kununua vipya.

Mdogo akaniuliza: "Yaya Injeniere, huku kwetu maganda iko yanalala mu mashamba bule. Mnunuzi wa vyuma anachukua ile ya manjano kwa kilo, lakini ile ya chuma hata hataki kuiangalia. Ba-Amerika wao wanaijazaka? Na kama hapana, kwa nini?"

Nilipenda swali lake, maana lilinirudisha mu mwaka wa TFC yangu. Nilikuwa na parcelle ya maharagwe yanayopanda ku miti, mu kilima kimoja cha Sud-Kivu. Siku ya kulima, jembe la mama mmoja likalia "kling". Akainama, akatoa ganda moja la manjano, akalipangusa na kidole, likang'aa kama lilianguka jana. Hatua mbili mbele akatoa lingine. Hilo lilikuwa limevimba kutu, akalifinya kidogo likavunjika kama biskuti. Udongo ule ule, mvua ile ile, pengine hata siku ile ile ya vita. Mama akacheka: "Hii moja imekufa, hii ingine bado inaishi." Mimi nikaandika mu kaye yangu, halafu nikaendelea na maharagwe. Leo nataka nieleze kile mama aliona.

Tuanze na risasi yenyewe. Kile tunaita risasi ni vitu vinne pamoja. Kuna ganda, ndiyo nyumba. Kuna baruti ndani yake. Kuna kichwa mbele, ndicho kinaruka. Na nyuma, katikati ya kitako, kuna kiwashio kidogo, ile amorse, ambayo pini ya bunduki ikiigonga inatoa cheche na kuwasha baruti. Kichwa kinaenda, baruti inaungua, kiwashio kinakufa. Kinachobaki mu mikono ya bunduki ni ganda peke yake, na bunduki inalitupa.

Watu wengi wanafikiri ganda ni kopo tu la kubebea baruti. Hapana. Wakati wa moto, ganda linafanya kazi ngumu kupita kopo. Mu risasi ya kalashi, ile ya 7.62 × 39, presha ya juu inayoruhusiwa ni megapaskali 355, maana yake bari 3,550. Tairi ya gari iko na bari 2 na nusu hivi. Kwa hiyo ni zaidi ya mara 1,400 ya tairi, mu kipande cha chuma chembamba, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Ganda linavimba, linajibandika ku kuta za chumba cha bunduki, na kule kujibandika ndiko kunafunga njia ili gesi ya moto isirudi nyuma ku uso wa mpigaji. Halafu, presha ikishuka, ganda lile lile linapaswa kujivuta kidogo, lirudi kuwa dogo, ili liachie kuta na kutoka. Likikataa kujivuta, linakwama, na bunduki inakuwa fimbo.

Kuvimba halafu kurudi: njo siri yote ya hadithi hii.

Laiton, ile shaba ya manjano, inajua kazi hiyo vizuri. Ya maganda mara nyingi ni shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30. Inanyumbulika, inarudi. Wale waliosoma resistance ya vifaa wanakumbuka module ya Young: laiton iko karibu na gigapaskali 110, chuma cha pua karibu na 200. Kwa maneno ya kawaida, ukitwaa laiton na chuma vyenye nguvu sawa, ukavivuta mpaka mwisho wa nguvu yao, laiton itarudi nyuma karibu mara mbili kuliko chuma. Chuma ni kigumu, lakini ugumu wake hapa ni deni. Njo maana ganda la chuma linafanyiwa ujanja wa umbo. Angalia ganda la kalashi: halikunyooka kama bomba, linapungua kuelekea mbele sawa kabari. Likisukumwa nyuma milimita chache tu, tayari limeachia kuta.

Sasa mtu anataka kulitumia tena. Ganda lililopigwa limebaki limevimba kidogo, lazima lisukumwe kwa nguvu mu tundu la chuma kigumu ili lirudi ku kipimo chake. Fanya mfano na waya: uukunje, uunyooshe, uukunje tena. Mara ya kwanza ni laini. Mara ya tano umekuwa mgumu, mara ya kumi unakatika. Laiton pia inachoka vile, mdomo wa ganda unaanza kupasuka. Lakini laiton ina dawa: ukiipasha moto kwa kipimo, fuwele zake zinajipanga upya, inarudi laini. Wale ba-Amerika wanaipasha mdomo tu, kitako hapana, maana kitako kikilainika, ule moto wa bari 3,550 utapita pale. Chuma nacho kinaweza kulainishwa, lakini kinadai joto kubwa zaidi, na katika ganda fupi vile ni vigumu sana kupasha mdomo mpaka huko bila joto kufika ku kitako. Kwa hiyo chuma kinachoka kama laiton, lakini hospitali yake iko mbali.

Kuna jambo lingine, na hapa sisi ba-agronome tuko nyumbani: kutu. Kiwandani, ganda la chuma linavalishwa koti. Mengine yanapakwa vernis ya kijani au ya kahawia, mengine ngozi nyembamba ya shaba, mengine zinki, siku hizi mengine plastiki. Koti hilo linazuia unyevu na linasaidia ganda kuteleza. Bunduki ikilivuta, koti linakwaruzwa. Ukilisukuma mu tundu la kulinyoosha, linakwaruzwa tena. Baada ya hapo chuma kiko uchi.

Tena mu viwashio vya zamani vya kijeshi kulikuwa klorati ya potasiamu. Ikiungua inaacha kloridi ya potasiamu. Ndugu zangu wa fakilte, mnaijua: ni KCl, ile mbolea yetu ya mifuko, ile ya 60 ya potasi. Mnajua pia mfuko wake ukiachwa wazi wakati wa mvua unafanya nini: unavuta maji mpaka unakuwa matope. Chumvi hiyo hiyo ikibaki ndani ya ganda la chuma inavuta maji, na kutu inaanzia ndani, mahali jicho halifiki. Ganda likatazamwa nje ni zima, kumbe ndani ukuta umeliwa nusu.

Nisiseme laiton ni malaika. Mu karne ya 19 jeshi la Waingereza kule India liliona maganda yake ya laiton yanapasuka yenyewe mu stoo, hakuna aliyeyapiga. Ilikuwa inatokea wakati wa mvua, njo maana wakaiita mpasuko wa majira. Sababu ilikuwa amoniaki, ile inayopanda kutoka mkojo wa farasi, maana masasi yaliwekwa karibu na mazizi. Amoniaki na unyevu, pamoja na mkazo uliobaki mu chuma tangu kiwandani, vinafungua laiton kama mtu anayepasua kuni kwa kufuata nyuzi zake. Kila mtu aliyefuga mbuzi nyumbani anajua ile harufu inayochoma macho asubuhi. Ile ile.

Halafu kuna kizuizi kidogo cha umbo, kinachochekesha kidogo. Miaka ya 1860 watu wawili walitengeneza namna mbili za kiwashio. Boxer, afisa Mwingereza, aliacha tundu moja katikati ya kitako. Kiwashio kikikufa, sindano inaingia mdomoni mwa ganda, inapita mu tundu, inakisukuma nje, kazi imekwisha. Berdan, Mwamerika, aliacha jino dogo katikati na tundu mbili ndogo pembeni. Sindano ikiingia inagonga jino. Sasa Wamarekani wakachukua ile ya Mwingereza, na Ulaya ya mashariki wakachukua ile ya Mwamerika. Maganda mengi ya chuma ya kijeshi, yale ya familia ya kalashi, yako namna ya Berdan. Hakuna aliyepanga yatumike tena, kwa hiyo hakuna aliyefikiri namna ya kuyafungua.

Jibu kwa mdogo ni hili basi: ndiyo, kule Marekani wako wachache wanaojaza ganda la chuma, zaidi wakati masasi yanapokosekana madukani, na wanachagua yale ya tundu moja. Lakini wengi wao, watu wenye mashine na vipimo, wanayatupa. Wanajua ni kitu cha safari moja.

Kama ni hivyo, kwa nini dunia iliyatengeneza? Jibu linarudi kwetu, mu Katanga. Linaitwa shaba.

Vita kubwa inakula shaba kuliko migodi inavyotoa. Ujerumani, ambayo haikuwa na shaba ya kutosha, ilitumia sana maganda ya chuma yaliyopakwa vernis wakati wa Vita ya Pili. Marekani yenyewe, nchi ya migodi, ilifikia hapo: kiwanda cha Chrysler kule Evansville, mu jimbo la Indiana, kilitengeneza masasi ya kaliba .45 yenye ganda la chuma, na hesabu yake yote inapita bilioni 3. Mwaka 1943 hata senti moja ya Marekani, ambayo daima ilikuwa ya shaba, ilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Mtu alikuwa anatwaa senti nyeupe dukani, maana ile nyekundu ilikuwa imeenda vitani.

Na shaba ya Kongo ilikuwa mu safari hiyo hiyo. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliyeyusha shaba yake ya kwanza Lubumbashi mwaka 1911, na wakati wa Vita ya Pili shaba ya Katanga ilienda kwa Waingereza na washirika wao. Wafanyakazi waliombwa kuongeza nguvu, bei za vitu sokoni zilipanda, mshahara ukabaki mdogo. Desemba 1941 waligoma. Tarehe 9 walikuwa wamekusanyika ku kiwanja cha mpira cha Elisabethville, askari wakapiga masasi, watu wakafa, kati yao Léonard Mpoyi aliyekuwa anasema kwa niaba ya wenzake. Sijui kama tunaielezaka vya kutosha mu masomo yetu. Mimi nimemaliza licence na hakuna mwalimu aliyenitajia jina hilo, nililipata mwenyewe.

Kwa hiyo lile ganda la manjano lililong'aa mu mkono wa mama liko na shaba ya mtu fulani ndani yake, na lile lililovunjika kama biskuti ni ganda la wale waliokosa shaba, au waliohesabu kwamba askari hatarudi kuokota. Hata leo hesabu ni ile ile. Chuma ni bei chini, na jeshi halikusanyi maganda mu vita.

Sasa nitoke Marekani nirudi mu parcelle, maana najua kati yenu kuna wenye staji mu vijiji na wenye miradi ya ba-ONG, na mtakutana na vitu hivi.

Kitu cha kwanza ni watoto. Mnunuzi wa vyuma akilipa ya manjano kwa kilo, mtoto hatauliza kama ni ganda au risasi nzima. Ganda lililopigwa halina kichwa, na kiwashio chake nyuma kina alama ya shimo dogo mahali pini iligonga. Kama kichwa bado kipo na shimo lipo, maana yake risasi iligongwa ikakataa kulia, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Nayo yenye kitako laini bila shimo iko nzima kabisa. Kutu haiuwi baruti. Nimeona kijana anagonga moja juu ya jiwe ili atoe kichwa, nikamwita kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Ukikuta vile usiguse, weka alama mbali kidogo, mwambie chef wa localité apeleke habari. Kwa mabomu na grenadi ni vile vile, na kuna Centre Congolais de Lutte Antimines kwa kazi hiyo.

Kitu cha pili watu wanakisahau: ganda ni shahidi. Geuza kitako chake utaona namba zimechorwa. Mara nyingi moja ni ya kiwanda, nyingine ni ya mwaka. 539 ni Tula, 17 ni Barnaul, zote mbili mu Urusi. Kikundi cha wataalamu wa Umoja wa Mataifa kilichowekwa kwa azimio 1533 la mwaka 2004 kinaandikaka namba kama hizo wakati kinafuata njia ya silaha zinazoingia kwetu. Mahali watu wameuawa, ganda lililobaki chini linaweza kusema kilichotoka wapi na mwaka gani. Likiokotwa na kuyeyushwa ili kuwa sufuria, ushahidi umeingia mu ugali. Kwa hiyo mahali pa tukio, hata la chuma lenye kutu, liache pale lilipo, wapige picha wenye kazi hiyo.

Na wale wenye wazo la kujaribu kile cha video, niseme wazi: huku si mchezo wa Jumamosi. Ordonnance-loi ya 1985 juu ya silaha na risasi haikuacha nafasi ya mtu kutengeneza masasi nyumbani bila ruhusa. Na ile Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2017 mu Afrika ya Kati, hauhesabu bunduki na risasi tu, unahesabu na vipande vinavyoweza kuzitengeneza. Ganda ni kipande.

Udongo sasa, maana mtaniuliza. Chuma kilichooza hakinitishi. Udongo wetu mwekundu ni mwekundu kwa sababu ya oksidi za chuma. Ganda likiisha kuwa kutu limeongeza chumvi mu bahari. Laiton inaachilia shaba na zinki polepole, na kwa maganda machache mu are moja mmea hautajua. Kinachonitia mashaka ni plumbi, ile iliyo mu vichwa vingi na mu viwashio. Mahali palikuwa kiwanja cha kulenga au position ya jeshi kwa miaka, plumbi inajikusanya, haiozi, haiendi popote. Udongo wa acide unaifanya itembee kirahisi kuingia mu mizizi, na milima yetu mingi ni acide. Mahali vile nisingepanda lengalenga wala sombe kabla ya analyse ya udongo, maana majani na mizizi, pamoja na vumbi linalobandika juu yao, ndiyo inaleta plumbi ku sahani kuliko punje ya mahindi. Chaux inasaidia kupandisha pH na kuifunga kidogo. Kuosha majani vizuri kunasaidia zaidi kuliko watu wanavyofikiri.

Mu parcelle yangu tulihesabu maganda kumi na moja, saba ya manjano na manne ya chuma. Ya manjano mama aliyafunga mu kitambaa, jioni hayakuwapo tena. Yale manne yalibaki mu udongo. Maharagwe yaliota juu yake bila shida yoyote.